Uzi kuhusu uzi: ukikivua kirusi koti na ganda, unabaki na nini?

#1 Fundi Hadubini

Wakuu, salaam.

Nimefungua uzi huu kwa sababu swali lile lile linarudi kila baada ya wiki chache: "kirusi kina uhai au hakina?" Watu wanabishana kurasa kumi, mwishowe mmoja anatukanwa na mjadala unafungwa. Mimi mwenyewe darasani niliambiwa sentensi moja tu, kwamba virusi viko mpakani kati ya vyenye uhai na visivyo na uhai. Mwalimu akaandika ubaoni, tukanakili, akafuta. Nilipoanza kazi ya maabara ndipo nikaona kwamba swali hilo halinisaidii chochote. Yanayonisaidia ni maswali mawili: ndani kuna uzi gani, na umefungwa kwa kitu gani? Ukishayajibu hayo, mengi utayabashiri mwenyewe kabla hujafungua kitabu: kama sabuni itakiharibu, kama kitabadilika haraka, kama dawa fulani itakigusa.

Tuanze na umbo. Kirusi kikiwa nje ya seli kina vitu viwili vya lazima. Cha kwanza ni asidi ya nyuklia, yaani huo uzi wenye maelekezo ya kurithishwa. Cha pili ni ganda la protini linaloufunika, linaitwa kapsidi. Basi. Hakina ribosomu zake za kutengenezea protini, hakina mtambo wa nishati, hakili wala hakikui. Baadhi vina kitu cha tatu, utando wa mafuta juu ya ganda. Nitaufikia.

Ukubwa: kirusi cha polio kina upana wa nanomita 30 hivi. Panga 33,000 mstari mmoja ndipo upate milimita moja. Bakteria wa kawaida wa utumbo ana urefu wa nanomita 2,000. Ndiyo maana hadubini ya mwanga haikuonyesha kitu, ikabidi kusubiri hadubini ya elektroni. Mwaka 1892 Dmitri Ivanovsky alichuja maji ya majani ya tumbaku yenye ugonjwa wa batobato kwa chujio linalozuia bakteria, na maji yaliyopita bado yakaambukiza. Mwaka 1898 Martinus Beijerinck akarudia, akasema hiki si bakteria mdogo, ni kitu kingine. Lakini picha ya kwanza ya chembe zenyewe za batobato ya tumbaku ilipatikana mwaka 1939. Miaka zaidi ya 40 watu wanafuata kitu wasichokiona!

Sasa uzi wenyewe. Mimi, wewe, uyoga, bakteria, wote tunatunza maelekezo yetu ya urithi kwenye DNA ya nyuzi mbili zilizosokotana. RNA kwetu ni mtumwa wa kupeleka ujumbe. Virusi havikusaini mkataba huo. Vya tetekuwanga vina DNA ya nyuzi mbili kama sisi. Vya jamii ya parvo vina DNA ya uzi mmoja. Rotavirusi vya kuharisha vina RNA ya nyuzi mbili, tena imekatwa vipande 11. Polio, dengi na korona ni RNA ya uzi mmoja. Surua, kichaa cha mbwa na Ebola nazo ni RNA ya uzi mmoja, ila uzi wao unasomeka kinyume. Lakini kanuni ni kwamba kirusi kinachagua moja kuwa kitabu chake cha urithi, DNA au RNA.

Mwenye swali aulize. Nitajibu nikitoka zamu.

#2 Kimya Kingi

Naweka kambi hapa. Shusha nondo mkuu.

#3 Mwanafunzi wa Usiku

Asante mkuu. Mimi kinachonitatiza ni udogo wa maelekezo. Nimesoma kwamba binadamu ana herufi (zile punje zinazopangwa kwenye uzi) bilioni 3 za DNA na kirusi kina elfu chache tu. Herufi elfu chache zinajengaje ganda zima lenye protini mamia na maelfu?

#4 Fundi Hadubini

Swali zuri kuliko yote niliyotarajia. Chukua kalamu tuhesabu.

Kirusi cha batobato ya tumbaku ni kijiti kilichonyooka, urefu nanomita 300, upana 18. Uzi wake wa RNA una herufi 6,400 hivi. Ganda lake limejengwa kwa protini 2,130. Kila protini ni mnyororo wa asidi amino 158, na kila asidi amino inahitaji herufi tatu kuandikwa. Kama kila protini ingekuwa ya aina yake, ungehitaji 2,130 × 158 × 3, yaani herufi zaidi ya milioni moja. Unazo 6,400. Haiwezekani.

Kwa hiyo kirusi kinafanya ujanja wa fundi matofali: kinaandika kipimo cha tofali moja tu, herufi 474, kisha kinafyatua tofali hilo hilo mara 2,130. Francis Crick na James Watson walitoa hoja hii mwaka 1956, kwamba kirusi kidogo hakina namna ila kurudia protini zile zile.

Matofali hayo yanajipanga yenyewe kama ngazi ya kuzunguka, 49 kwa kila mizunguko mitatu, na uzi wa RNA umelala katikati ya ngazi, kila tofali limekalia herufi tatu. Ndiyo maana 2,130 × 3 inakupa karibu urefu wote wa uzi. Ukirefusha uzi, kijiti kinarefuka. Rosalind Franklin ni mmoja wa walioonyesha kwa mionzi ya eksirei kwamba katikati ya kijiti ni tupu, na kwamba RNA imejificha ndani ya ukuta, haiko kwenye tundu.

Hiyo ni aina ya kwanza ya ganda. Ya pili ni mviringo wenye pembe: pande 20 za pembetatu, ncha 12. Umeona mpira wa miguu wa zamani, wenye vipande vyeusi na vyeupe? Vyeusi ni 12, kila kimoja kina pembe tano. Vyeupe ni 20, vya pembe sita. Sasa weka protini moja kwenye kila pembe ya kila kipande: 12 × 5 ni 60, 20 × 6 ni 120, jumla 180. Ganda la norovirusi, vile vya kutapika na kuharisha, lina protini 180 za aina moja zilizopangwa hivyo hivyo. Donald Caspar na Aaron Klug ndio waliopanga hesabu hizi mwaka 1962.

Kuna maumbo mengine, kama vya ndui vilivyo kama tofali, au virusi vya bakteria vyenye kichwa, mkia na miguu. Siyashughulikii leo.

#5 Mla Bakteria

Hapo kwenye kichwa na mkia usipite haraka mkuu, ndiyo shamba langu hilo 😀

Kuna kirusi cha bakteria kinaitwa lamda. DNA yake ina jozi za herufi 48,502, ukiinyoosha ina urefu wa maikromita 16.5. Kichwa chake kina upana wa nanomita 60 hivi. Zidisha kila kitu mara milioni uone: una kamba ya unene wa milimita 2, urefu mita 16 na nusu, na unatakiwa kuishindilia kwenye kifuko cha upana wa sentimita 6. Inajaa karibu nusu ya nafasi yote. DNA ina chaji hasi kila mahali, kwa hiyo inajisukuma yenyewe, haitaki kubanwa.

Kichwa kinajengwa kwanza kikiwa kitupu, halafu kwenye tundu moja kunakaa mota ya protini inayotumia nishati ya seli kuvuta kamba ndani hadi iishe. Mgandamizo humo unafika makumi ya mara ya ule wa hewa tunayovuta. Kirusi kikishika bakteria mwingine na mlango kufunguka, sehemu ya kwanza ya DNA inaruka ndani kwa mgandamizo huo huo.

#6 Jicho Kali

Wote mnazungumza kana kwamba ni wazi uzi ndio wenye urithi na protini ni kifuniko. Nani alithibitisha? Protini ni nyingi zaidi humo. Batobato ya tumbaku ni asilimia 95 protini. Mtu angeweza kudai kinyume.

#7 Fundi Hadubini

Mkuu Jicho Kali, na walidai kweli. Wendell Stanley alipopata fuwele za kirusi hicho mwaka 1935 alitangaza kwamba ni protini. Frederick Bawden na Norman Pirie ndio waliokuja kuonyesha kuna RNA kidogo ndani. Stanley alipata Nobel mwaka 1946 hata hivyo.

Majaribio mawili ndiyo yaliyonishawishi mimi.

La kwanza, 1952, Alfred Hershey na Martha Chase. Protini ina salfa lakini DNA haina. DNA ina fosforasi nyingi, protini za kirusi kile hazina. Basi wakakuza virusi vya bakteria, kundi moja na salfa yenye mionzi, kundi lingine na fosforasi yenye mionzi. Wakaviacha vishike bakteria kwa dakika chache. Kisha wakatia mchanganyiko kwenye blenda ya jikoni. Ndiyo, blenda. Ile mizunguko inayapangusa maganda yaliyobaki nje ya bakteria bila kuwapasua bakteria wenyewe. Wakazungusha kwenye mashine ya kutenganisha: bakteria wazito wakashuka chini, maganda yakabaki juu. Salfa nyingi ilikuwa juu. Fosforasi nyingi ilikuwa chini, ndani ya bakteria, na bakteria hao wakazaa virusi wapya kama kawaida. Kilichoingia ni DNA.

La pili, kwa RNA. Mwaka 1955 Heinz Fraenkel-Conrat na Robley Williams walikitenganisha kirusi cha batobato, protini chupa hii, RNA chupa ile, wakavichanganya tena, vijiti vikajijenga upya na vikaambukiza majani. Baadaye Fraenkel-Conrat na wenzake wakachanganya protini ya aina moja ya kirusi na RNA ya aina nyingine. Watoto waliozaliwa walifuata nani? Walifuata RNA, hadi ganda lao likawa la upande wa RNA. Koti la kuazima halikurithiwa.

#8 Jicho Kali

Nimekubali. Endelea.

#9 Mama Kulwa

Wanangu, mimi si wa maabara ila nafuatilia. Umesema sabuni. Kwa nini huambiwa kirusi fulani kinakufa kwa sabuni na kingine ni kigumu? Nilidhani chenye tabaka nyingi ndicho kigumu.

#10 Fundi Hadubini

Shikamoo Mama Kulwa. Wengi hudhani hivyo, na ukweli uko upande wa pili: mara nyingi mwenye koti ndiye dhaifu.

Ule utando wa nje kirusi hakiujengi. Kinauiba. Kikitoka kwenye seli kinajisukuma kupitia ngozi ya seli, kinaondoka na kipande chake kama mtu aliyetoroka amejifunika shuka la mwenyeji. Shuka hilo ni mafuta ya tabaka mbili, na juu yake kimechomeka miiba yake ya protini ambayo ndiyo ufunguo wa kuingilia seli inayofuata. Mafuta na sabuni mama unavijua. Sabuni inauyeyusha utando, miiba inatawanyika, na uzi ulioko ndani hauna tena njia ya kuingia popote. Spiriti ya mikono nayo hufanya kazi hiyo hiyo. Hapo ndipo walipo korona, influenza, surua, VVU, Ebola.

Norovirusi na polio havina koti, ni ganda tupu la protini. Hakuna mafuta ya kuyeyusha. Vinastahimili asidi ya tumbo, ndiyo maana vinaambukiza kupitia kinywa na choo. Kwa norovirusi spiriti ya mikono haitoshi. Kunawa kwa sabuni na maji yanayotiririka kunasaidia, lakini kwa sababu kunavisomba na kuviondoa mkononi, si kwa kuvivunja.

#11 Jicho Kali

Na ndui? Ina koti, lakini inajulikana kukaa muda mrefu kwenye magamba ya vidonda yaliyokauka.

#12 Fundi Hadubini

Umenipata. Jamii ya ndui inavunja kanuni yangu, inastahimili ukavu vizuri mno. Nilisema "mara nyingi", nashukuru nilijiwekea mlango wa nyuma.

#13 Mwanafunzi wa Usiku

Mkuu turudi kwenye uzi "unaosomeka kinyume". Kitabu chetu kinasema chanya na hasi halafu kinaruka. Hiyo alama ni ya umeme?

#14 Fundi Hadubini

Si umeme kabisa. Ni mwelekeo wa ujumbe.

Ribosomu za seli zinasoma RNA ya mwelekeo mmoja tu. Uzi ulioandikwa kwa mwelekeo huo unaitwa chanya. Uzi ambao ni kivuli chake, kila herufi ikiwa mwenza wa herufi sahihi, unaitwa hasi. Ribosomu ikipewa hasi haiambulii kitu.

Matokeo yake ni makubwa. Chukua RNA ya polio peke yake, bila ganda, bila protini hata moja, iingize ndani ya seli: seli itaisoma kama barua yake na kuanza kutoa virusi kamili. Chukua RNA ya influenza au ya surua, fanya vivyo hivyo: kimya. Kwa nini? Kwa sababu ni hasi, lazima kwanza inakiliwe kuwa chanya, na seli zetu hazina kimeng'enya (protini mtendakazi) cha kunakili RNA ya namna hiyo kutoka kwa RNA. Kwa hiyo kila kirusi cha uzi hasi kinasafiri na mnakili wake ndani ya ganda. Nikisikia "uzi hasi" najua mara moja kwamba humo ndani kuna abiria wa ziada.

David Baltimore ndiye aliyepanga virusi vyote kwa mantiki hii mwaka 1971: usiulize kinamwambukiza nani, uliza kinafikaje kwenye RNA inayosomeka. Mwaka mmoja kabla, yeye na Howard Temin, kila mmoja kivyake, walikuwa wamegundua kimeng'enya kinachoandika DNA kutoka RNA. Wakati ule wengi walishikilia kwamba ujumbe unatoka DNA kwenda RNA, haurudi. VVU ni wa kundi hilo: kina nakala mbili za RNA, kila moja karibu herufi 9,700, kinaibadilisha kuwa DNA, kisha kinaichomeka kwenye DNA ya seli yako. Hapo ndipo ugumu wa kukimaliza ulipo. Dawa zinazuia kunakili, lakini kilichokwisha chomekwa kinabaki.

Na hapa kuna jambo linalonifurahisha kila nikilisimulia. Homa ya ini B ni kirusi cha DNA, kidogo sana, jozi 3,200 tu, na mduara wake wa DNA haujakamilika, uzi mmoja ni mfupi. Ungetegemea dawa za VVU zisiiguse. Lakini ili kijinakili, kinapita kwanza kwenye RNA halafu kinarudi DNA kwa kimeng'enya cha kinyume, ndugu wa kile cha VVU. Ndiyo maana tenofoviri na lamivudini zinatumika kwa yote mawili. Mwenye kujua njia ya uzi angelibashiri hilo.

#15 Kimya Kingi

Hii ya homa ya ini imeniamsha. Nilidhani daktari alikosea karatasi ya dawa.

#16 Mama Kulwa

Na mafua makali kila mwaka chanjo mpya, surua mtoto anachanjwa na basi. Zote si ni RNA?

#17 Fundi Hadubini

Mama unauliza kama mwalimu wangu.

Vimeng'enya vingi vya kunakili RNA havina mhariri, havirudi kusahihisha makosa. Korona ni mojawapo ya vichache vyenye namna ya kusahihisha, na huenda ndiyo maana vinaweza kubeba uzi mrefu wa herufi 30,000. Kwa hiyo influenza na surua zote zinakosea. Tofauti ni kwamba miiba ya influenza inavumilia mabadiliko na kuendelea kufanya kazi. Ile ya surua haivumilii, ikibadilika sana inashindwa kushika seli, kirusi hicho kinapotea.

Halafu kuna suala la vipande. Surua ni uzi mmoja mzima. Influenza A imekatwa vipande 8. Aina mbili zikiingia seli moja, vipande vinachanganyika wakati wa kufungashwa, kama karata za michezo miwili zilizomwagika meza moja. Mbili kipeo nane: michanganyiko 256. Milipuko ya dunia ya 1957 na 1968 ilitokana na vipande vya virusi vya ndege kuingia kwenye influenza ya binadamu kwa njia hiyo.

#18 Mla Bakteria

Kwa wapenda maajabu: kuna kirusi cha amiba kilipatikana Uingereza, mji wa Bradford, mwaka 1992, kwenye maji ya mnara wa kupoozea. Kilikuwa kikubwa kiasi kwamba kwa miaka kadhaa kilidhaniwa ni bakteria. Mwaka 2003 ndipo kikatangazwa kuwa kirusi na kuitwa mimivirusi. DNA yake ina jozi kama milioni 1.2. Kuna bakteria wenye chini ya hapo.

#19 Mwanafunzi wa Usiku

Basi swali langu la mwisho kabla sijalala. Kuna upande wa pili? Uzi mtupu usio na ganda kabisa, lakini unaambukiza?

#20 Fundi Hadubini

Upo. Theodor Diener aliutambua mwaka 1971 akichunguza viazi vinavyotoka virefu na vyembamba kama pia ya kusokotea uzi. Kinaitwa viroidi. Ni RNA ya mduara yenye herufi 359. Haina ganda, haina koti, wala haina maelekezo ya protini hata moja. Inapita kutoka mmea hadi mmea kwa kisu cha kukatia mbegu na kwa majani kugusana.

#21 Jicho Kali

Herufi 359? Bandiko lako la kwanza lina herufi nyingi kuliko hizo.

#22 Fundi Hadubini

Aya yake ya kwanza peke yake inazo nyingi zaidi. Na haijaua hata kiazi kimoja.